Mwalimu na Mwanafunzi katika Nchi ya Warega

Mtu akitoka Kindu kwenda upande wa mashariki, huvuka kwanza mto Lualaba, kisha hufuata njia ya Kalima na Pangi. Baada ya mwendo anaingia msituni. Miti ni mirefu, mvua ni nyingi, na mito ni mingi. Mito mikubwa miwili ya huko, Elila na Ulindi, inakwenda yote kumwaga maji yake katika Lualaba. Hiyo ndiyo nchi ya Warega, au Balega kama wanavyojiita wenyewe. Baadhi yao wanakaa Maniema, katika eneo la Pangi, na wengine wanakaa Kivu ya Kusini, Shabunda na Mwenga.

Siku hizi nyumba nyingi zina mabati. Lakini nyumba za zamani za Warega ziliezekwa kwa majani mapana ya msituni. Fundi alianza chini, akapanga safu moja. Halafu akapanga safu ya pili juu ya ile ya kwanza, kila jani likifunika kichwa cha jani la chini. Hivyo maji ya mvua yaliteleza juu ya majani mpaka chini, wala hayakupata nafasi ya kuingia ndani. Ni nani aliyewafundisha watu kazi hiyo?

Warega hujibu kwamba ni kakakuona. Mnyama huyu ana magamba mgongoni, toka kichwani mpaka mkiani. Magamba yake yamepangwa safu juu ya safu, kama majani ya paa. Hana meno. Anakula siafu na mchwa kwa ulimi wake mrefu. Akiogopa, anajikunja kuwa kama mpira, na hata chui hujua taabu ya kumfungua. Wazee wa Kirega walisema kwamba watu wa kwanza walimtazama mnyama huyo, wakajifunza kwake namna ya kuezeka nyumba. Kwa hiyo yeye ni mwalimu wao.

Tena, si maneno matupu. Mrega hakuruhusiwa kumwinda kakakuona. Ikiwa mnyama huyo alikutwa amekufa msituni, au alikufa kwa ajali, nyama yake haikuliwa ovyo kama nyama ya swala. Ilipelekwa mbele ya wazee, ikagawanywa kwa sheria, na kila ukoo ulijua fungu lake. Aliyemwua alikuwa na hatia, na ilimlazimu kutengeneza jambo hilo mbele ya watu. Watu walikula nyama nyingine nyingi za msitu bila kuuliza, lakini huyu aliyewapa paa juu ya vichwa vyao hawakumgusa. Zaidi ya nusu ya mataifa ya dunia yalikuja kufikiri jambo hilo nyuma sana: toka mwaka 2017 biashara ya kakakuona kati ya nchi na nchi imekatazwa kwa aina zote nane za mnyama huyo, kwa sababu wawindaji walikuwa karibu kuwamaliza.

Basi, watu waliomheshimu hivi mwalimu mwenye magamba, waliwatendeaje waalimu wenye miguu miwili?

Warega wa zamani hawakuwa na mfalme. Hawakuwa na mtu mmoja aliyeamuru nchi nzima. Walikuwa na chama kilichoitwa Bwami. Mtu wa chama hicho aliitwa mwami, na wengi wao bami. (Msichanganye na mwami wa Rwanda ya zamani au wa Bushi, ambaye ni mfalme.) Bwami ilikuwa na ngazi, kama vile masomo yana madarasa. Ngazi ya mwanzo iliitwa kongabulumbu. Karibu na kilele palikuwa na yananio, na juu kabisa palikuwa na kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao. Mwanamume hakuweza kufika kindi peke yake, akimwacha mke nyuma: mke wake naye alipanda katika bunyamwa, ngazi ya juu ya wanawake, na watu walimheshimu kama mume wake.

Mtu hakupanda kwa sababu baba yake alikuwa mkubwa. Hakupanda kwa mikuki wala kwa mabavu. Alipanda kwa mambo mawili. La kwanza ni mwenendo. Mtu wa matusi, mtu wa ugomvi, mtu asiyesikia wazee, huyo hakuitwa. Katika Kirega kuna neno busoga, na neno hilo moja lina maana ya uzuri na ya wema pia. Bwami ilitafuta busoga ndani ya mtu. La pili ni msaada wa jamaa. Yule aliyetaka kupanda alikusanya mali kwa muda mrefu: mbuzi, nyama, chumvi, mafuta, chakula cha wageni, na musanga, yaani fedha ya zamani iliyotengenezwa kwa maganda ya konokono. Mtu mmoja hawezi kukusanya mali hiyo yote. Ilimbidi aende kwa ndugu za baba, kwa wajomba, kwa wakwe, akaombe. Na ikiwa aliishi nao vibaya, nani angempa? Hivyo hata kabla ya kufika kwa waalimu wake, alikuwa amekwisha pimwa.

Mali hiyo iligawanywa kwa bami waliokuja kumfundisha. Watu wengine waliotoka mbali waliona jambo hilo wakacheka, wakasema kwamba bami wanauza vyeo. Hawakutazama vizuri. Mwalimu aliyepokea leo, naye alitoa zamani, siku alipokuwa mwanafunzi. Na yule anayetoa leo atapokea kesho, siku atakapofundisha. Mali haikulala katika nyumba ya mtu mmoja. Ilikwenda toka mkono mpaka mkono, na pamoja nayo yalikwenda maneno. Ni kweli, pengine palikuwa na mzee mwenye tamaa aliyependa mbuzi kuliko mwanafunzi. Watu wa namna hiyo hawakosekani mahali popote. Lakini chama kizima hakikusimama juu ya tamaa, maana kingekuwa kimevunjika zamani.

Na mafundisho yenyewe yalikuwaje? Hapo hapakuwa na ubao wala chaki. Bami walikusanyika katika kijiji, wakaingia katika nyumba ya mafundisho pamoja na mwanafunzi. Wasimamizi wake walikaa karibu naye, wakamwongoza. Ngoma zilipigwa. Halafu mwalimu alitoa kitu kimoja katika kikapu au mfuko, akacheza nacho, akaimba methali fupi, maneno machache tu. Kitu hicho pengine kilikuwa ganda la konokono, mdomo wa ndege, gamba la kakakuona, jiwe, jani kavu. Pengine kilikuwa kinyago kidogo cha mti, au sanamu ya pembe ya ndovu. Kisha alikiweka chini, akachukua kingine. Methali ziliimbwa kwa mamia, siku baada ya siku.

Mwalimu hakueleza sana. Mwanafunzi alitazama kitu, akasikia methali, akaona mchezo, na alipaswa kuunganisha mwenyewe. Kwa mfano, kuna sanamu yenye nyuso nyingi, moja inatazama huku, nyingine inatazama kule. Warega huiita Sakimatwematwe, maana yake Bwana Vichwa-Vingi. Methali yake husema juu ya ndovu aliyeonekana ng'ambo ya mto mkubwa. Mtoto angefikiri kwamba ni hadithi ya mtu wa ajabu. Lakini mwanafunzi wa Bwami alijifunza polepole kwamba Vichwa-Vingi ni mzee wa kweli. Mzee hatazami upande mmoja tu. Watu wawili wakiletewa shauri mbele yake, yeye anawaona wote wawili. Anaona hata jambo lililo ng'ambo, ambalo wengine hawajaliona.

Hapa ndipo inaonekana kwa nini mwalimu wa Bwami alikuwa na thamani kubwa. Sanamu yenyewe haisemi. Mwizi anaweza kuiba sanamu kumi za pembe, naye atabaki mjinga kama jana. Maana iko katika kinywa cha mwalimu, katika miguu yake anapocheza, na katika masikio ya mwanafunzi. Tena kitu kimoja kiliweza kuwa na methali hii katika ngazi moja, na methali nyingine katika ngazi nyingine. Bila mwalimu, mtu angejua ipi?

Na baada ya mafundisho, mwanafunzi hakusema asante mara moja akaondoka. Aliingia katika udugu ambao haukwisha. Mzee aliyemfundisha akipita katika kijiji chake, alimpa mahali pa kukaa na chakula. Vitu vingine vya chama havikuwa mali ya mtu. Viliwekwa kwa yule aliyeingia mwisho, naye alivitunza mpaka mwingine aingie. Hapo alivitoa mkononi mwake akampa huyo mpya. Kwa hiyo mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa ndiye mlinzi wa vitu vya wote. Hiyo ni njia nzuri ya kumfundisha mtu heshima: kumwamini.

Sanamu za kindi zilitunzwa kwa namna nyingine. Mwenyewe alizipaka mafuta, akazisugua kama mtu anavyopaka mwili wake baada ya kuoga. Ndiyo maana sanamu za zamani zina rangi nyekundu au ya asali, na zinang'aa. Ni mikono ya watu wengi iliyozing'arisha. Mzee akifa, vitu vyake viliwekwa juu ya kaburi lake, akachaguliwa mtu wa kuvilinda, kisha vikapewa ndugu aliyestahili kupanda mahali pake. Huyo aliposhika sanamu, hakushika pembe tu. Alishika ukumbusho wa wote walioishika kabla yake.

Mwaka 1948 Serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Wakubwa wa Serikali waliona chama chenye siri, chenye wazee ambao watu waliwatii kuliko watu wa ofisi, wakaogopa. Vitu vingi vilichukuliwa, vingine viliuzwa, vingine vilifichwa. Kwa vijana wa miaka ile ilikuwa hasara ya namna mbili. Walikosa vitu, na walikosa siku za kukaa mbele ya waalimu. Vitu vyaweza kuchongwa tena. Lakini mzee mwenye methali mia tatu kichwani, akifa bila mwanafunzi, huzikwa na kitabu kizima ambacho hakikuandikwa.

Katika miaka ya 1952 na 1953 mtaalamu mmoja Mbelgiji, jina lake Daniel Biebuyck, alikuja kukaa na Warega. Bami walikuwa na sababu nzuri ya kumfunga mlango, maana watu wa taifa lake ndio waliokataza chama chao. Hawakumfunga. Walimruhusu kukaa katika mafundisho, wakamwonyesha vitu na kumwambia methali. Naye aliandika. Kitabu chake kikubwa juu ya mafundisho ya Bwami kilichapwa Marekani mwaka 1973. Mtu akikisoma ataona jina la Biebuyck juu ya jalada, lakini kila ukurasa umetoka katika vinywa vya wazee wa msituni. Wao walikuwa waalimu, naye alikuwa mwanafunzi.

Mwaka 1956 mtaalamu huyu alikuwa kwa Wanyanga, majirani wa Warega, katika nchi ya Walikale. Huko alimkuta msimulizi mmoja, Candi Rureke, aliyejua habari ndefu ya shujaa Mwindo. Rureke aliimba, akasimulia na akacheza habari hiyo kwa siku kumi na mbili. Mikononi alikuwa na kibuyu cha kuchezesha, na vijana walikaa karibu wakipiga mti kwa fimbo na kumwitikia. Vijana hao hawakuwa pale kwa kelele tu. Hivyo ndivyo Mnyanga alivyojifunza usimulizi: alimfuata msimulizi mkubwa, akambebea vitu, akampigia mti, akaitikia, mpaka maneno yakaingia ndani yake. Rureke mwenyewe alijifunza hivyo. Habari ya Mwindo ilichapwa kitabuni mwaka 1969. Aliyeitengeneza pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wanyanga wenyewe.

Sasa inafaa kuvuka bahari. Mbali sana, upande wa mashariki ya Asia, iko nchi ya Japani. Wajapani nao wana kazi za zamani zinazofundishwa na mwalimu kwa mwanafunzi: kupanga maua, kuandika kwa burashi, kupokea wageni kwa chai, kupigana mieleka. Mwalimu huitwa sensei. Neno hilo, likifasiriwa, ni mtu aliyezaliwa mbele. Mrega angelielewa bila shida.

Kanō Jigorō alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa kijana mdogo wa mwili, na wenzake walimwonea. Mwaka 1877 alikwenda kwa mwalimu Fukuda Hachinosuke ili ajifunze mieleka ya zamani. Siku moja mwalimu alimwangusha kwa ufundi ambao hakuufahamu. Kanō aliuliza: mkono unakwendaje, mguu unakwendaje? Mwalimu hakujibu. Alimwita, akamwangusha tena. Kanō aliinuka akauliza tena. Mwalimu akamwangusha mara nyingine. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Huyu naye, kama mwalimu wa Bwami, alionyesha kitu, akamwachia mwanafunzi kazi ya kuelewa.

Fukuda alikufa mwaka 1879. Kanō alitafuta mwalimu wa pili, na baada ya huyo wa tatu, aliyeitwa Iikubo Tsunetoshi. Mwaka 1882 Kanō alianzisha masomo yake mwenyewe katika mji wa Tokyo, akiwa na wanafunzi wachache tu katika nyumba ya watawa wa Kibuddha. Mchezo wake aliuita judo. Iikubo alikuwa bado anakuja kumfundisha. Ikafika siku moja ya ajabu. Siku zote mwalimu ndiye aliyemwangusha mwanafunzi; siku ile mwanafunzi alimwangusha mwalimu, tena na tena, naye mwenyewe hakuangushwa. Iikubo angeweza kukasirika. Angeweza kutafuta udhuru, kusema kwamba leo anaumwa. Badala yake aliuliza Kanō amefanyaje. Kanō alimweleza jambo alilovumbua: kabla ya kumwangusha mtu, kwanza mvute au msukume mpaka mwili wake upoteze usawa. Mwalimu alikubali kwamba ni kweli, akasema hana jingine la kumfundisha. Baadaye alimkabidhi na vitabu vya ufundi wake. Na Kanō, aliyekwisha mshinda, hakuacha kumtaja kuwa mwalimu wake.

Judo imeenea duniani, na toka mwaka 1964 imechezwa katika michezo ya Olimpiki. Wanaoicheza, hata katika Kongo, huinama mbele ya mwalimu na mbele ya mwenzao kabla ya kuanza. Wakimaliza huinama tena. Aliyeanguka huinama, na aliyeshinda huinama vilevile. Yule aliyekuangusha amekufundisha kitu, na yule uliyemwangusha amekuazima mwili wake ili ujifunze.

Pengine mwanafunzi wa Kindu atafikiri kwamba Wajapani hawajui lolote juu ya nchi yake. Si kweli. Karibu na mwaka 1980 walikuja Wajapani wawili, Ankei Yuji na mke wake Takako, wakakaa na Wasongola wa kando ya Lualaba. Hawakuja kufundisha. Mume alijifunza kwa wavuvi majina ya samaki na tabia zao. Mke alijifunza mapishi kwa akina mama. Baadaye waliyoandika yalichapwa katika mji wa Kyoto, na hata leo mtu wa Japani anaweza kusoma namna mama wa Kisongola anavyotayarisha mihogo na majani yake. Akina mama hao hawakuwa na diploma, lakini walikuwa na wanafunzi waliotoka ng'ambo ya bahari mbili.

Sanamu za Warega sasa zimekaa mbali. Nyingi ziko Ulaya, kama vile Tervuren katika Ubelgiji, na nyingine Marekani. Zimewekwa nyuma ya vioo, zimewashiwa taa, na watu wengi huzisifu. Pembeni yake pameandikwa karatasi ndogo. Mara nyingi karatasi hiyo hutaja jina la tajiri aliyenunua, lakini jina la mchongaji halimo. Halimo pia jina la mzee aliyecheza nayo mbele ya mwanafunzi wake usiku, katika kijiji cha Pangi au Shabunda. Hakuna anayezipaka mafuta.

Lakini chama hakikufa kwa amri ya mwaka 1948, na methali hazikupigwa marufuku vichwani. Katika vijiji vya njia ya Pangi wako wazee wanaozijua. Kijana akitaka kuzisikia, hafiki na kalamu na kuanza kuuliza maswali kama karani. Anasalimu kwanza. Analeta kuni, au samaki, au chumvi kidogo. Anakaa chini, mahali pa chini kuliko mzee. Kama mzee anafanya kazi, anamsaidia kazi. Pengine siku ya kwanza hataambiwa neno lolote.

MASWALI

Kwa nini Warega hawakumwinda kakakuona? Nyama yake iligawanywaje? Mtu wa Bwami alipanda ngazi kwa mambo gani mawili? Sakimatwematwe ni nani, na kwa nini ana nyuso nyingi? Mwalimu Fukuda alijibu swali la Kanō kwa njia gani? Andika majina ya watu watatu waliokufundisha kazi yoyote nyumbani, na kazi ambayo kila mmoja alikufundisha.